Akiba Huanzia Jikoni

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi waliopo shuleni)



Kamati iliponiomba nitoe mazungumzo, niliambiwa nichague jambo lolote lenye manufaa kwa maisha. Wenzangu walionitangulia katika mikutano iliyopita walizungumzia uongozi, sheria na afya. Mimi nimeamua kuzungumzia mkaa, umeme, maji na maganda ya viazi. Msicheke. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika vitu hivyo vidogo ndimo mshahara wa mtu unamopotelea, na ndimo misitu yetu inamopotelea vilevile. Na kwamba mtu anayeziba tundu la mfuko wake mara nyingi huwa ameziba na tundu la msitu, hata kama hakukusudia.

KUNI ZA JUMAMOSI

Wale tuliokuwa hapa kati ya mwaka 1995 na 1998 tunazikumbuka kuni za Jumamosi. Baada ya usafi wa mabweni, kila mwanafunzi alitakiwa kufikisha mzigo mmoja jikoni kabla ya saa sita, na kiranja alisimama mlangoni na orodha yake. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, kuni hizo tulizipata nyuma ya nyumba za walimu. Mtu alikwenda na kurudi kabla uji wake haujapoa. Nilipofika Kidato cha Tatu tulikuwa tunavuka kijito. Kidato cha Nne tulikuwa tunapanda hadi mgongo wa pili wa mlima, na waliochelewa kurudi walikuta wenzao wamekwisha kula.

Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba kuni zimepanda bei, kwa sababu hazikuwa na bei. Hata hivyo bei ilipanda mbele ya macho yetu, nasi tuliilipa kwa miguu.

Wengi wenu mnamkumbuka pia mpishi wetu mkuu wa siku zile. Sisi tulimwita mchoyo wa kuni. Maharage aliyaloweka tangu jioni. Yakishachemka barabara, aliyafunika kwa mfuniko mzito, akaweka jiwe juu, akazungushia magunia, kisha akavuta magogo nje na kuyazima kwa mchanga, wakati sisi tunaona dhahiri kwamba maharage bado. Tulipolalamika alijibu neno moja tu: "Sufuria lina moto wake." Tulidhani ni mzaha wa mzee. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini, na shahada ya Chuo Kikuu katikati, kufahamu kwamba yule mzee alikuwa akitufundisha somo ambalo halikuwamo katika ratiba.

DENI LA JANUARI

Nimefanya kazi serikalini kwa miaka karibu ishirini. Katika kazi yangu nimeandika barua na nyaraka si haba za kuwahimiza wananchi wapande miti na watunze vyanzo vya maji. Chuoni nilijifunza kuhesabu mambo makubwa ya uchumi wa nchi. Nyumbani kwangu, hata hivyo, nilikuwa sijui tunatumia nini wala kwa nini.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Januari, binti yetu alichaguliwa kwenda Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni. Ada, kama mjuavyo, serikali iliiondoa katika shule zake za sekondari, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, tangu mwaka 2016. Lakini godoro, shuka, ndoo, sare, sanduku na nauli havishuki kutoka mbinguni. Nilipotafuta akiba yangu nilikuta hakuna akiba. Ikanibidi, mimi mtumishi wa serikali, niende kwa bwana mmoja wa mtaani anayekopesha kwa riba, nikamwachia kadi yangu ya benki iwe dhamana. Binti alikwenda shule. Mimi nililipa deni lile kwa miezi mitano, na katika miezi hiyo mitano bwana yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona mshahara wangu.

Nalisema jambo hili hapa hadharani, ingawa si la kujivunia, kwa sababu najua sipo peke yangu katika ukumbi huu.

Usiku mmoja nilimwambia mke wangu kwamba nyumba hii inakula sana. Hakukasirika. Alinijibu, "Baba watoto, nyumba haili. Tuandike, tuone ni nani anayekula." Kesho yake alinunua daftari, akalitoboa, akalifunga kwa kamba kwenye msumari wa ukutani jikoni, na kalamu pembeni yake. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tukakubaliana kuandika kila kitu kwa siku 30: kila kopo la mkaa, kila dumu la maji, kila uniti ya umeme, nauli, vocha, na hata soda yangu ya saa kumi kazini.

DAFTARI LILISEMA NINI

Mwisho wa mwezi tulikaa tukajumlisha. Nyumba yetu ina watu saba. Mkaa, umeme na maji vilikuwa vimekula karibu robo ya fedha yote ya matumizi ya nyumbani, na mkaa peke yake ulikuwa umezidi umeme na maji kwa pamoja. Tulikuwa tumenunua makopo 66 ya mkaa kwa mwezi mmoja.

Lakini jambo lililonifungua macho zaidi lilikuwa jingine. Nilimwuliza mke wangu kwa nini hanunui gunia. Akafunua kurasa za mwanzo za daftari, akanionyesha kwa kidole mstari uliokuwa ukijirudia kila asubuhi: "Hela ya mezani." Ndugu zangu, nadhani wengi wenu mnaifahamu hela ya mezani. Baba akitoka asubuhi anaacha noti mezani, ya mboga na mkaa wa siku hiyo, kisha anaondoka akijiona ametimiza wajibu wake. Kwa noti ile mama hawezi kununua gunia. Hana budi kununua kopo, leo, kesho na keshokutwa.

Jumamosi moja tulinunua gunia, tukaazima kopo la mwuza mkaa wetu, tukapima. Gunia lile lilitoa makopo 48. Tulipopiga hesabu, tulikuta kwamba kila tulipotoa shilingi 3 kwa mkaa wa kopo, shilingi 2 zingetosha kununua mkaa uleule kwa gunia. Kumbe kwa miaka yote tuliyoishi pamoja, mimi niliyejidhania mbanaji ndiye niliyekuwa nikiilazimisha nyumba yangu kununua kwa bei ya juu kabisa. Simlaumu mwuza mkaa. Naye ana familia, na kazi yake ya kugawa rejareja ina thamani yake. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi na noti yangu ya mezani.

Kwa hiyo badiliko letu la kwanza halikuhitaji kifaa chochote. Tuliacha hela ya mezani. Siku ya mshahara tunakaa wawili na daftari, tunatenga fedha za mwezi mzima, na vitu visivyooza tunavinunua kwa wingi: mkaa, mchele, maharage, sabuni. Nawaomba akina baba mliopo hapa mlifikirie jambo hili kabla ya kumwambia mtu yeyote nyumbani abane matumizi.

MOTO

Sasa niingie katika mambo yenyewe ya jikoni. Kupika mkaa kwa njia ya tanuri letu la kienyeji la udongo kunahitaji miti mingi sana. Kilo 100 za kuni hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo anayepoteza kilo moja ya mkaa amepoteza kilo tano za mti, au hata kumi. Mkaa unaoingia Dar es Salaam hutoka Pwani, Morogoro, Tanga, Lindi na kwingineko, na lori linapokwenda mbali zaidi, nauli yake huingia katika bei ya kopo. Ni zile zile kuni zetu za Jumamosi zilizokuwa zikituhama. Tofauti ni kwamba mjini hatulipi tena kwa miguu, tunalipa kwa shilingi.

Tulifanya mambo manne.

Kwanza, tulibadilisha jiko. Jiko letu la zamani lilikuwa la bati tupu, ambalo humwota moto aliyekaa karibu kuliko sufuria lililo juu yake. Tukanunua lile lenye kauri ya udongo ndani. Majiko ya namna hii yalianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa yanatengenezwa na mafundi wetu sehemu nyingi. Udongo hushika joto na kulirudisha juu. Likitengenezwa vizuri na kutunzwa, huweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja au zaidi.

Pili, tulirudi kwa mpishi wetu wa shule. Maharage yanalowekwa usiku kucha na maji ya kulowekea yanamwagwa. Kila sufuria lina mfuniko wake. Tena mke wangu alishona jiko kikapu: kikapu kikubwa kilichojazwa vipande vya godoro kuukuu na kufunikwa kwa mto wa nguo. Wali ukishachemka na maji kukaribia kukauka, sufuria huingizwa humo na kufunikwa, na wali hujimalizia wenyewe bila kaa hata moja. Maharage yaliyolowekwa tunayachemsha kwanza kwa nguvu. Hapa nawaomba mwe waangalifu: maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayoharibu tumbo, na lazima yatokote kweli kweli kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kuingia kikapuni. Yakiingia kikapuni bila kutokota kwanza, joto la kikapu haliwezi kuiondoa sumu hiyo.

Tatu, kwa fedha tulizookoa katika miezi mitatu ya mwanzo, tulinunua presha kuka ya umeme. Nilikuwa naiogopa kwa sababu niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba kupikia umeme ni anasa. Chombo chenyewe ni cha wati 1,000. Kingewaka mfululizo kwa saa nzima kingekula uniti moja. Lakini presha ikishajaa hujizima na kujiwasha, kwa hiyo sufuria la maharage huiva kwa chini ya uniti moja. Nawasihi mlinganishe uniti moja ya umeme na mkaa unaoteketea katika saa mbili au tatu za kuchemsha maharage, kwa bei ya mtaani kwenu. Pigeni hesabu hiyo wenyewe, msiniamini mimi.

Nne, hatutupi chenga za mkaa. Watoto huzichanganya na udongo kidogo wa mfinyanzi na maji, wakafinyanga vitonge na kuvianika juani. Huwaka polepole na kutosha kuchemshia maji ya kuoga.

Matokeo ni haya. Mwezi wa sita tulitumia mkaa wa makopo 29 badala ya 66. Na kwa kuwa tulinunua kwa gunia, gharama yetu ya mkaa ilishuka hadi chini ya theluthi moja ya ile ya mwanzo. Makopo 37 kwa mwezi ni zaidi ya magunia 9 kwa mwaka. Gunia lile tulilipima, nalo lilikuwa na kilo 50 hivi. Kwa hesabu ya tanuri niliyoitaja, nyumba moja tu imeacha zaidi ya tani mbili za kuni zikiwa zimesimama msituni kila mwaka. Taarifa za serikali zimetaja upotevu wa misitu wa zaidi ya hekta 400,000 kwa mwaka nchini mwetu. Mkaa si sababu pekee, kwa maana mashamba nayo yanafyeka. Lakini sehemu ya hasara hiyo ilikuwa inaungulia uani kwangu, wakati mimi niko ofisini naandika nyaraka za kupanda miti.

Tusisahau pia afya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Na jiko la mkaa lenye kaa nyekundu, hata kama halitoi moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Lisilazwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata katika baridi ya huku kwetu.

UMEME

Kwa upande wa umeme, daftari lilimkamata mkosaji mmoja ambaye hatukumtilia shaka. Nyumba yangu ina taa mbili za nje za ulinzi. Tangu nilipojenga, zilikuwa balbu za zamani za wati 60, na ziliwaka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wati 60 mara mbili, kwa saa 12, kwa siku 30, ni uniti 43 kwa mwezi. Yaani tulikuwa tunanunua LUKU ya kuwaangazia mbu. Tukafunga balbu za LED za wati 9, zenye mwanga unaokaribia uleule. Sasa taa zote mbili hutumia uniti 6 na nusu. Uniti 36 zilizobaki zinatosha kuendesha ile presha kuka mwezi mzima na chenji ikabaki.

Mengine ni madogo lakini yanajumlishika. Pasi ya wati 1,000 hula uniti moja kwa saa, basi tunapiga pasi nguo za juma zima siku moja, badala ya kuipasha moto kila asubuhi kwa shati moja. Mlango wa jokofu tuliupima kwa karatasi: ukifunga karatasi mlangoni nayo ikavutika bila kushikwa, mpira umechoka na baridi inatoka nje. Kubadilisha mpira ni rahisi kuliko kulipia baridi ya sebuleni.

Kuna wanaosema kwamba sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo hakuna haja ya kubana umeme. Bwawa hilo ni fahari yetu sote. Lakini uniti inayotoka Rufiji nayo inakuja na bei, na anayeilipia ni mwenye mita.

MAJI

Bomba la uani kwetu lilikuwa linadondosha tone moja moja. Sote tulilizoea, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Siku moja mtoto wetu mdogo aliweka ndoo ya lita 20 chini yake jioni, na kesho yake jioni ndoo ikawa imejaa. Lita 20 kwa siku ni lita 600 kwa mwezi, yaani mapipa matatu ya maji safi tuliyoyalipia na kuyamwaga. Dawa yake ilikuwa kipira kidogo cha ndani ya bomba, ambacho bei yake hata soda inaizidi. Niliona aibu kwamba mtoto wa darasa la tatu alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi ambayo mimi nalipwa kuifanya kwingine.

Baadaye tuliweka mfereji kwenye bati na kuuelekeza katika tangi. Hesabu yake ni rahisi, na ninyi wanafunzi mnaweza kuifanya kichwani: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Upande mmoja wa paa letu ni mita za mraba 50. Mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika si ajabu, hutushushia lita 1,000 kwa mara moja, ukiacha kidogo kinachopotea. Maji ya kwanza tunayaacha yasafishe bati, na tangi tunalifunika ili mbu wasizae. Maji hayo ni ya kufulia, kusafishia nyumba na kumwagilia bustani. Ya kunywa tunayachemsha.

CHAKULA NA TAKATAKA

Akina mama wa zamani walipika kwa kibaba. Sisi tulikuwa tunapika kwa kukadiria, na kila siku nusu sufuria ya ugali inakwenda kwa kuku wa jirani. Sasa tunapima, na wali ukibaki ni kiporo cha asubuhi na chai. Maganda na mabaki ya mboga yanakwenda shimoni pamoja na majani makavu, na baada ya miezi mitatu hivi yanakuwa mbolea. Tuna mchicha na matembele katika viroba vilivyopangwa kando ya ukuta, na mboga za majani hatununui zaidi ya mara moja kwa juma. Taka za kulipia gari zimepungua nusu.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Siku zile watu waliuliza tutabebea nini. Tukabebea vikapu, kama bibi zetu walivyofanya, na mitaro yetu ikapumua. Nautaja mfano huo kwa sababu unaonyesha kwamba taifa zima linaweza kubadili tabia ya nyumbani likiamua.

KUBANA SI KUNYIMA

Ndugu zangu, yapo mambo mawili ambayo nisingependa nieleweke vibaya.

La kwanza ni kwamba kubana matumizi si kuwanyima watoto chakula wala kumwongezea mama kazi. Kama "kutunza mazingira" nyumbani kwako maana yake ni kwamba mke wako au binti wa kazi anaamka saa moja mapema zaidi, wakati wewe unasifiwa kwenye mikutano, basi hujatunza kitu. Kwetu watoto wa kiume wanaloweka maharage, wanamwagilia viroba, na baba anafunga kipira cha bomba.

La pili ni kwamba vifaa vinavyopunguza gharama vinahitaji fedha kwanza, na hapo ndipo maskini anaponaswa. Asiye na fedha ya gunia hununua kopo. Asiye na fedha ya mtungi wa gesi huendelea na mkaa. Ndiyo maana nasema anzeni na yale yasiyohitaji fedha: mfuniko, kuloweka, kuzima taa, kuacha hela ya mezani. Fedha hizo zikiokolewa ziwekwe kwenye kibubu chenye jina, kwamba hiki ni cha jiko, au hiki ni cha tangi. Sisi hatukununua kitu hata kimoja kwa mkopo. Mkaa ulinunua presha kuka, na presha kuka ikanunua mfereji. Haba na haba hujaza kibaba.

Nasi bado hatujaacha mkaa kabisa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Nyumba yangu bado iko njiani kama nyumba nyingine nyingi.

KWA WADOGO ZETU, NA KWA CHAMA CHETU

Sasa niseme na ninyi wanafunzi. Asubuhi ya leo Mkuu wa Shule alitutembeza jikoni. Kama mjuavyo, serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na tumefurahi kuona kwamba gesi imeingia. Lakini alitueleza pia kwamba maharage ndiyo yanayomaliza mtungi. Nilimwuliza mpishi kama yanalowekwa. Alinijibu kwamba wanafunzi wa zamu wanaotakiwa kuyachagua jioni hawafiki, kwa hiyo yanapikwa makavu asubuhi.

Vijana, hilo liko mikononi mwenu. Kazi ya kuchagua na kuloweka maharage ni ya nusu saa, wala haina mlima wa kupanda. Sisi tulikwenda hadi mgongo wa pili. Wekeni daftari jikoni, mwandike mtungi umeanza lini na umekwisha lini, mwezi mmoja kabla ya kuloweka na mwezi mmoja baadaye. Someni mita ya maji usiku mkienda kulala na asubuhi kabla bomba halijafunguliwa. Ikiwa imesogea, mna bomba linalovuja, litafuteni. Mkitaka hesabu na fizikia zenye maana, hizo hapo.

Na kwa Chama chetu nina pendekezo moja, Ndugu Mwenyekiti. Kila mwaka tunachangia kombe la michezo na rangi ya lango. Mwaka huu naomba tuchangie masufuria makubwa yenye mifuniko inayoziba barabara, na mafuniko mazito ya kuyafunikia, kwa ajili ya jiko la shule. Fedha itakayookolewa katika gesi iandikwe, nayo itumike kununulia miche ya miti ya asili kwa ule mgongo wa kwanza wa mlima, ambao sisi wenyewe, mzigo mmoja mmoja kila Jumamosi, tuliuacha wazi. Mimi naanza na mchango wangu leo, nao uko katika bahasha mbele ya Mweka Hazina.

Nimalizie na jambo la nyumbani. Januari iliyofuata ile ya deni, binti yetu aliporudi shule kuanza Kidato cha Pili, nauli, sabuni, madaftari na viatu vipya vilitoka katika kibubu. Nilimsindikiza kituo cha basi. Nikiwa njiani kurudi nilipapasa mfuko wa shati, nikaigusa kadi yangu ya benki. Ilikuwa mahali pake.